Mkalimani Aliyevua Kapu

Kwa miaka yote niliyomjua, sikumsikia hata siku moja akiomba radhi kwa kuwa mahali alipokuwa. Sisi wengine tukiingia ofisini tunainama kidogo, tunakohoa, tunasema samahani kabla hatujakosea. Yeye aliingia tu. Mama huyu alikuwa mkalimani katika mahakama za Makadara, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima wa Makongeni uliendelea kumwita Mkalimani, kana kwamba hakupewa jina lingine. Nami nitamwita hivyo.

Nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua karibu na mahakama, kompyuta moja na mashine ya kutoa nakala, na nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwake. Kwa hiyo mchana alikuwa mteja wangu na jioni jirani yangu. Kama mteja alikuwa mgumu. Alileta barua aliyoiandika kwa mkono, akasimama nyuma ya kiti changu na kuniangalia nikichapa. Nikibadilisha neno, hata neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikosea, alinigusa bega kwa kidole kimoja.

"Msichana wa taipu. Usiongeze, usipunguze."

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na watoto watatu. Nilibaki msichana wa taipu.

Hilo la kutoongeza na kutopunguza lilikuwa kama dini yake. Mawakili waliokuja kwangu kutoa nakala walipenda kunisimulia kisa cha mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kumpiga jirani. Mzee hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo Mkalimani alisimama kando yake. Kesi ilivuta, hakimu akachoka, akasema, "Mwambie huyu mzee naona ni mwongo." Mkalimani akamwambia mzee vilevile, kwa lugha yao. Mzee akajibu. Mkalimani akamgeukia hakimu na, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma tarehe, akasema, "Mheshimiwa, mzee anasema mwongo ni wewe, na kwamba uso wako ni kama wa mbuzi aliyekula sabuni."

 Hakimu akamuuliza kama anajua anaweza kulala ndani.

"Nimetafsiri tu, Mheshimiwa. Ukitaka nitafsiri nusu, niambie ni nusu ipi."

Alijua siri za nusu ya Eastlands, nani alimwibia nani, nani ana mtoto wapi, na hakuna aliyewahi kusikia hata moja ikitoka kwake. Wanawake wa ushirika wa kanisa walimjaribu sana. Walimpikia chai ya maziwa mengi, wakamzunguka kwa maswali. Alikunywa chai, akaaga.

Lakini mtu huyohuyo, ukimuuliza kuhusu samaki aliyemponyoka, alikuwa mwongo wa kutisha. Jumapili samaki alikuwa wa urefu wa mkono. Jumatano alikuwa amefika begani. Kufikia mwisho wa mwezi angeweza kuvutwa tu na trekta. Nilipomkumbusha Jumapili alisema nini, alinitazama kwa utulivu na kusema, "Huko majini wanakua haraka."

Nimetaja samaki, kwa hiyo niseme alivyoingia katika mambo hayo, maana hakuna mtu wa Makongeni aliyekuwa ameingia.

Akiwa bado kazini, kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba huko nje ya jiji, upande wa mibuni, na mahakama ikaamua kwenda kuona mahali penyewe. Shamba lilipakana na klabu moja ya wavuvi iliyokuwa na bwawa lake. Hakimu na mawakili wakapima mpaka, naye akasimama ukingoni akingoja kuitwa. Ndipo samaki akapinduka juu ya maji, mgongo wa rangi ya shaba, mnene kama mtoto aliyeshiba. Akamuuliza mwanachama aliyekuwa ameketi hapo na fito zake za kuvulia yule ni samaki gani. Yule bwana alitaja jina la Kiingereza ambalo sisi baadaye mtaani tulilitamka kapu, kama kapu la sokoni, na likabaki hivyo.

"Si wa kula," yule bwana akamwambia. "Ni wa mashindano. Unamvua, anapimwa uzito, unamrudisha."

"Na mtu anakuwaje mwanachama?"

Yule bwana akacheka. Hakuwa na ubaya, alisema Mkalimani, alicheka tu kama mtu aliyesikia kitu cha kuchekesha. Halafu akageukia maji yake.

Kicheko hicho alikitunza miaka tisa. Mwezi aliostaafu alikuja kibandani kwangu na fomu ya klabu. Ilitaka sahihi za wanachama wawili wa kumdhamini. Ya kwanza aliipata kwa wakili mmoja mzee aliyemsikia akitafsiri tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Ya pili ilikuwa ya yule bwana aliyecheka. Alimwendea mpaka ofisini kwake, akamkumbusha siku, mahali, na kofia aliyokuwa amevaa. Yule bwana alitia sahihi haraka sana, aliniambia, kama mtu anayelipa faini.

Basi akaanza kujifunza. Hakuwa na pa kujifunzia ila uwanja wetu mdogo katikati ya nyumba. Alifunga nati ya chuma mahali pa ndoana, akaweka beseni mbali, akarusha. Wiki ya kwanza alivua shuka la jirani. Wiki ya pili alivua shati la mchungaji, likiwa bado bichi kwenye kamba, na mchungaji akalifuata mtaani akiwa na fulana ya ndani. Watu walitoka nje kutazama kama sinema.

"Niaje Mkalimani, leo umeshika nini?" vijana walimpigia kelele kutoka kwenye ukuta.

"Leo natafuta mwenye mdomo mkubwa," aliwajibu. "Simameni hapohapo."

Hakujua kuogelea. Aliogopa maji yanayozidi magoti, aliniambia hivyo mwenyewe, na alikunja uso aliponiambia, kana kwamba ni mimi niliyemshtaki. Na alipenda kula samaki kuliko chakula chochote. Mimi natoka upande wa kati, nyumbani kwetu samaki hakuingia jikoni, na ni yeye aliyenifundisha. Aliketi mbele ya kichwa cha sangara, akakifungua mfupa kwa mfupa, akaacha sahani safi kana kwamba imeoshwa. Ndiyo sababu wanawake wa ushirika, wengi wao watu wa magharibi, upande wa ziwa, kama yeye, walishindwa kabisa kumwelewa.

"Samaki wa kilo tano unamrudisha majini?" mmoja alimuuliza mbele yangu. "Akiwa mzima? Dada, umerogwa?"

"Wa kula nanunua sokoni. Huyu ni wa kushindana. Wewe ukishinda mbio unamla uliyemshinda?"

Alikuwa mwanachama kwa karibu miaka miwili wakati samaki walipoanza kupungua bwawani. Wale wakubwa, ambao wanachama waliwajua kwa makovu na hata kuwapa majina, walikuwa hawaonekani tena. Hakuna aliyemtuhumu mtu. Kamati iliamua tu, na kuandika katika kumbukumbu za mkutano, kwamba mizigo ikaguliwe langoni wakati wa kutoka. Jumamosi ya kwanza mlinzi alikagua mfuko wa Mkalimani. Mbele yake yalipita magari manne na nyuma yake matatu, na hakuna buti hata moja iliyofunguliwa.

Mlinzi alikuwa kijana wa mtaa wa Baba Dogo, mwenye mke na mtoto mchanga. Alimfungulia zipu huku akitazama pembeni.

"Mathe, usinikasirikie. Nimeambiwa tu."

"Umeambiwa ukague kila mtu, ama umeambiwa unikague mimi?"

Kijana akafunga zipu na kumfungulia lango.

Alinisimulia jioni hiyo, akiwa ameketi mlangoni kwake, bila kupandisha sauti. Nilimwambia aachane nao. Nilimwambia, mama, wale watu si wa kiwango chetu, una pensheni yako, una kanisa, mambo ya aibu ya nini. 

"Nikiacha sasa," akasema, "watasema samaki wameacha kupotea tangu nilipoondoka. Hata kama bado wanapotea, watasema hivyo. Mimi siendi popote."

Mashindano ya mwaka yalikuwa wiki tatu mbele. Kila mshindani aliruhusiwa mgeni mmoja. Alinitaka mimi, nadhani kwa sababu alitaka awepo mtu wa kuandika.

Tulishuka kwenye barabara kuu na kutembea katikati ya mibuni, yeye mbele, karai pana la bati kichwani. Lilikuwa karai kama yale ya wauza samaki, na ndani yake, bila mfuko, bila kifuniko, aliweka kila kitu alichokuwa nacho: uzi, ndoana ndani ya kiberiti kilichofunguliwa, ugali mgumu wa chambo kwenye sahani, viazi vitamu viwili, dawa zake za presha, kitambaa cha jasho. Ufito ulikuwa mkononi. Alivaa koti lake la mahakamani, na mifuko yote ya koti alikuwa ameigeuza nje, ikaning'inia kama masikio ya mbwa.

Tulipofika langoni alishusha karai mbele ya mlinzi.

"Tazama."

"Mathe, kuingia haikaguliwi."

"Mimi nataka. Tazama sasa, na nikitoka utatazama tena."

Kijana akatazama. Magari yalikuwa yamesimama nyuma yetu na watu wakachungulia madirishani. Kisha Mkalimani akapandisha karai kichwani na kupita nalo mbele ya jengo la klabu, mbele ya meza za chai, mbele ya Mwenyekiti mwenyewe, mtu mrefu mwenye kiwanda, ambaye kikombe chake kilibaki njiani kati ya sahani na mdomo. Nilitembea nyuma yake nikitamani ardhi inimeze. Ninakiri hivyo. Sikuwa na moyo wake.

Nafasi za kuvulia zilipigiwa kura, na yeye akatoa namba ya mwisho, kule kwenye matete karibu na mlango wa kutolea maji, ambako kila mtu alijua hapashikiki kitu. Wakili mzee akajitolea kubadilishana naye. Akakataa. Filimbi ikapulizwa saa mbili asubuhi.

Mpaka saa sita hakupata hata mmoja. Mvuvi aliyekuwa kando yetu alikuwa na fito tatu juu ya vyuma, kila mmoja na kengele ndogo ya betri iliyolia samaki akigusa, na zililia mara nne. Mkalimani alishika uzi wake kwa kidole, akafunga macho nusu. Kila baada ya muda alifinyanga tonge dogo la ugali na kulitupa mahali palepale, mita chache kutoka kwenye matete. Mimi niliona anapoteza ugali.

"Wanakula?" nilinong'ona.

"Wanaitana," akasema.

Saa saba uzi ukakaza. Akamtoa wa kwanza, wa kilo mbili, kisha wa pili, kisha wakaja kama waliokuwa foleni. Nilikimbia huku na huku na wavu wa mpini, nimelowa hadi viwiko. Kila aliyetoka aliwekwa kwenye wavu mrefu uliozamishwa majini, kungoja mizani. Msimamizi alipita, akatazama, akaenda, akarudi na mwingine.

Zilibaki dakika kumi hivi samaki mwingine aliposhika, na huyu hakutingisha kichwa kama wale. Aliondoka tu, polepole, moja kwa moja kuelekea ndani ya matete. Ufito ulipinda mpaka nikasikia ukilia. Mkalimani alirudi nyuma hatua moja, akaona haitoshi, uzi ungekatwa na matete. Alitazama maji, nami nikaona uso wake ukibadilika.

"Nishike ukanda," akasema.

"Mama, huwezi—"

"Nimesema nishike ukanda!"

Akaingia. Viatu, soksi, koti. Maji yakapita magoti, yakafika kiunoni, na mifuko yake iliyogeuzwa ikaelea pembeni. Niliushika ukanda kwa mikono miwili, nusu yangu ndani ya maji, nikihisi kupitia ukanda jinsi alivyokuwa akitetemeka mwili mzima. Lakini mikono yake haikutetemeka. Alimzungusha yule samaki kutoka kwenye matete shibiri kwa shibiri, akimsemesha kwa lugha ya kwao, mpaka akalala ubavu, mpana, wa shaba, naye akampitishia wavu chini. Filimbi ililia tukiwa bado tunapanda ukingo.

Alikuwa wa kilo nane na nusu. Kwa uzito wote wa siku Mkalimani alikuwa wa pili, lakini samaki mzito kuliko wote alikuwa wake.

Watu walikuwa wamekusanyika. Ulikuwa wakati wa kuwarudisha majini. Hapo akanyoosha mkono na kumwita mlinzi, aliyekuwa amesogea kutoka langoni kutazama.

"Njoo uhesabu."

Kijana alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Kijana akashuka. Mkalimani, akiwa bado anachuruzika maji, alimtoa samaki mmoja mmoja kwenye wavu na kumwachia, na hakumwachia mwingine mpaka kijana ataje namba kwa sauti. Mwanzoni alitaja kama mtu anayenong'ona kanisani. Kufikia sita alikuwa ameinua kichwa. Kufikia kumi aliita namba kama kondakta. "Kumi na moja, mathe! Wamekwisha!"

"Msichana wa taipu, andika kumi na moja," akaniambia. Nikaandika.

Wakati wa zawadi alipewa kikombe kidogo cha samaki mzito, na Mwenyekiti, kwa tabasamu la mtu anayetaka mambo yaishe, akamwomba aseme maneno mawili. Akasimama. Akasema kwa dakika tatu nzima kwa lugha ya mama yake. Mimi sikuelewa neno. Wanachama walitabasamu na kutikisa vichwa kwa adabu. Lakini kwenye dirisha la jikoni wapishi wawili walishikana mabega, mmoja akajifunika uso kwa aproni akicheka, mwingine akapiga makofi peke yake.

Mwenyekiti akainama kwake. "Asante sana. Na... umesema nini?"

"Mimi leo siko kazini," akasema, akakaa.

Njiani nilimbembeleza aniambie. Alidai alishukuru kwa chai.

Miezi miwili baadaye kijana yuleyule wa lango alipiga picha kwa simu yake alfajiri: fisi maji wawili, wale wanyama wa mtoni wanaokula samaki, kwenye ukingo, wanene, wakigawana kapu kama harusini. Ukaguzi ulikoma bila tangazo. Mkalimani akaja kibandani. Hakudai kuombwa radhi, neno hilo halikuwa kwenye barua. Alidai kwamba katika kumbukumbu zilezile zilizoandika ukaguzi, iandikwe pia kwamba aliyekaguliwa alikuwa mtu mmoja, na kwamba hakukutwa na kitu. Tuliandika barua tatu. Baada ya barua ya tatu wakaiandika, na wakamtumia nakala, akaiweka ndani ya Biblia. Nilipomwambia angepaswa kufurahi, alisema amefurahi, na akaniuliza kwa nini nimeweka nafasi mbili baada ya nukta.

Sisi tulihamia Umoja, na mambo ya watoto yakanimeza. Nilisikia kwamba alianguka bafuni akavunjika nyonga, na wanawe walitaka kumpeleka mashambani akapumzike, naye akakataa. Tulisalimiana kwa simu tu. Mwaka jana, Alhamisi moja, simu ikalia.

"Mume wako bado ana lile gari?"

"Analo, mama."

"Jumamosi saa kumi na mbili. Watoto wamenificha fito, lakini nimeazima."

Nilimkuta mlangoni, amekonda, amefupika, na mkongojo wa miguu minne. Nilipotaka kumwinua alinipiga mkono. Alijiingiza garini mwenyewe, na ilichukua muda, na nilisimama tu nikiwa nimeshika mlango.

Klabuni kulikuwa na Mwenyekiti mpya, mtu wa heshima. Alimpokea kwa mikono miwili, akamwonyesha nafasi ya kwanza kabisa, hatua chache kutoka kwenye jengo, kiti chenye mto kimeshawekwa. "Hii ni yako, mama. Usisumbuke na kura."

"Kura iko wapi?" akauliza.

Alitumbukiza mkono kwenye kofia kama wengine, akatoa kumi na tisa. Ilikuwa ng'ambo ya bwawa. Mwenyekiti alifungua mdomo, nami nikamwashiria kwa macho kwamba asijisumbue. Tulianza safari. Mkongojo, mguu, mguu, pumziko. Filimbi ilipulizwa tukiwa bado hatujafika nusu, na fito zikarushwa kila upande. Nilimtazama, naye hakuongeza mwendo wala hakuinamisha uso. Tulipofika, wengine walikuwa wamevua kwa karibu saa nzima.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na upepo ulitoka upande mbaya. Alirusha, na mkono wake haukufika alikotaka. Akarusha tena. Saa sita alikula viazi. Saa nane alilala kidogo akiwa amekaa, kidole kwenye uzi. Saa tisa filimbi ikalia. Hakuna kitu kilichogusa chambo chake siku nzima.

Tulirudi taratibu vilevile. Watu walikuwa wameshakaa, matokeo yalikuwa yanasomwa. Msimamizi, kijana mpole, alianza na wa kwanza akashuka: namba, uzito, makofi. Kila aliyetajwa alisimama na kuinua mkono. Alipofika kwa aliyevua samaki mmoja tu wa gramu mia sita, alifunga karatasi.

"Umeruka mtu," Mkalimani alisema.

Kijana akaangalia karatasi, akaangalia Mwenyekiti. "Mama, hao wengine ni... hawakupata."

"Walishindana?"

"Ndiyo, mama."

"Basi soma."

 Kijana akaifungua tena karatasi.

"Namba kumi na tisa," akasoma. "Sifuri."

Mkalimani alishika mkongojo kwa mkono mmoja, akaanza kuinuka. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, hata mimi. Alipokuwa amesimama wima, akainua mkono wake wa pili juu, akauweka hapo mpaka wote wakapiga makofi.